Lumbesa

Hapa Isyonje gunia likijaa halifungwi.
Mnunuzi hulivisha kilemba cha wavu,
akashindilia debe jingine juu ya mdomo, na jingine,
akashona kwa kamba ya katani,
akaliita gunia moja.
Miaka yote nimemlaani mtu huyo.
Kumbe kila Desemba
najifunga lumbesa mwenyewe.

Tarehe kumi na nane. Ukungu umekaa mlangoni kama mdai.
Nyuma ya kalenda ya usharika nimeandika:
mbolea ya kukuzia, mifuko miwili;
Lwitiko, kidato cha kwanza: godoro, ndoo, rimu ya karatasi,
jembe na mpini wake, fagio la chelewa
(shule ina watoto mia nane, siku zote ilifagiliwa na nani, upepo?);
kitenge cha sare ya ukoo, njano,
rangi inayonifanya nionekane nimetoka wodini;
mbuzi;
wageni tisa kutoka Dar, wenye masweta mapya
na watoto wasiojua kwamba maji ya huku yanauma.

Mama mkwe kasema mbuzi.
Hakusema mara mbili.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo.
Mwenyeji huyu kichwa kinamgonga upande mmoja,
amemfokea mtoto kwa ajili ya kijiko,
amelala akihesabu, ameamka akihesabu,
na kanisani watu walipoinuka kuimba furaha
mdomo wake uliimba peke yake.

Jioni nikaingia ghalani, nikasukuma komeo.
Sikwenda kulia. Nilisema nakwenda kuchagua mbegu.
Nikakaa juu ya gunia, giza likinuka udongo na machipukizi,
nikashika kiazi kimoja kimoja:
kizima huku, kilichooza kule.
Pumzi ikaanza kufuata mkono.
Kizima.
Kilichooza.
Kizima.
Mvua ikatua juu ya bati kwa kishindo,
ikafunika sauti iliyokuwa ikiniita,
na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nilipofika kiazi cha mia na kitu
nikagundua nimeacha kuhesabu pesa.

Nikampigia wifi Tumpale kabla ujasiri haujapoa.
"Njooni, tunawangoja. Lakini mbuzi hayupo.
Njooni na mchele. Njooni na mablanketi.
Na mimi njano sivai."

Kimya. Nikasikia feni yao ikizunguka huko kwenye joto.
Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa ndoo kichwani.
"Wifi, hata nauli tumekopa.
Nilikuwa naomba useme tusije,
ila nikaogopa kuomba kwa sauti."

Tukacheka hadi salio likakata.

Sasa wanakuja sita. Watatu wamebaki na bibi yao wa Kibaha.
Godoro bado sijanunua.
Mbolea imekuwa mfuko mmoja,
mahindi ya kona ya bondeni yatavumilia, yamezoea.
Mama mkwe alipoambiwa habari ya mbuzi alinuna siku mbili,
leo asubuhi kaniomba parachichi na chumvi
nami nimelipokea ombi hilo kama mkataba wa amani.
Kichwa? Kinagonga bado, lakini kwa adabu.

Kesho watashuka njia panda wakitetemeka,
watakuta moto, chai yenye tangawizi,
viazi vimefukiwa kwenye majivu.
Watoto wa mjini nitawapa kazi ya kumenya.
Wakimenya vinene, ng'ombe atafaidi.

Orodha iko pale pale nyuma ya kalenda.
Nimechora mstari mahali mdomo wa gunia unapoishia,
nikashona hapo.

Lwitiko ananiuliza kama shule itakubali fagio la zamani.
Nimemwambia lete panga,
tulipunguze ncha.